Siku Moja Dinan: Sitaki Moyo, Nakutaka Wewe

Kama una mwenza, natumaini mnaongea. Sisemi kusalimiana, nasema kuongea. Mwezi huu barua zenu nimeziweka pembeni kidogo, naomba radhi. Nataka nikusimulie siku moja niliyotembea na baba watoto katika mji mdogo wa kale unaoitwa Dinan, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, jimbo la Bretagne. Usidhani nakuringishia safari. Nauli yenyewe ilikuwa ya kikoba, na nilikwenda huko nikiwa na donge kooni.

Iko hivi. Baba watoto alikuwa anamalizia mwaka wake wa masomo katika mji wa Rennes, mambo ya maji na udongo. Mwaka mzima ndoa yetu ilikuwa ya simu. Mwanzoni tulikuwa tunaongea mpaka chaji inaisha. Baadaye ikawa "watoto wamekula?" na "ada imelipwa?" Mwishoni ikawa alama ya dole gumba tu. Wanaoishi na wenza walio mbali wananielewa. Basi nikajikusanya, nikawaacha watoto kwa bibi yao Tabata, nikaenda kumuona mume wangu kwa wiki mbili.

Siku ya tatu natafuta kalamu kwenye begi lake, nikaona barua. Kifaransa changu ni cha kubahatisha, lakini namba hazihitaji mkalimani. Miaka 3. Shahada ya uzamivu. Jibu litolewe kabla ya mwisho wa mwezi. Na yeye hajaniambia neno.

Nikairudisha mahali pake. Nikanyamaza. Kesho yake akaniambia, "Mama watoto, Alhamisi nakupeleka mahali pazuri, tutembee taratibu tu, bila ratiba." Nikajisemea moyoni, sawa, tutaona nani atafungua mdomo wa kwanza.

MCHUCHUMIO KWENYE MAWE

Kutoka Rennes tulipanda treni, tukabadilisha kwenye kituo cha Dol-de-Bretagne, na kabla ya saa nne asubuhi tukawa Dinan. Mimi, kwa kujua natoka na mume wangu, nilikuwa nimevaa viatu vya mchuchumio. Kosa kubwa! Barabara za Dinan ya kale zimetandikwa mawe, na kila jiwe lina mawazo yake. Hatua ishirini tu nikawa natembea kama kuku mwenye mwiba.

Bahati nzuri Alhamisi ni siku ya soko. Linafanyika kwenye uwanja mkubwa uitwao Place du Guesclin: jibini, samaki, maua, vikapu, nguo. Nikanunua raba za bei nafuu, michuchumio ikaingia kwenye mfuko. Baba watoto akaubeba bila kuambiwa. Nikaona, nikaweka akilini. Mtu akiwa na jambo linalomsumbua huwa mwepesi sana wa kubeba mizigo.

Katikati ya eneo hilo kuna sanamu ya mtu juu ya farasi. Ndiye mwenye uwanja, Bertrand du Guesclin, shujaa wa vita wa karne ya 14. Waandishi wa zamani wamemweleza kuwa hakujaliwa sura kabisa, lakini upanga aliujua. Hapo Dinan, katika miaka ya 1350, Waingereza walipouzingira mji, walimkamata mdogo wake wakati wa kusimamisha vita. Bertrand akamtaka knaiti wa Kiingereza aliyefanya hivyo, wakapambana wawili peke yao, watu wakitazama. Akamshinda.

Sasa sikia hii, shosti. Katika mji huo alikuwepo binti mmoja msomi, Tiphaine Raguenel, aliyekuwa anasoma nyota. Inasimuliwa kuwa ndiye aliyetabiri kuwa Bertrand atashinda, wakati wengine wakimcheka. Wakaja kuoana. Mwanaume asiye na sura akapata mke mzuri mwenye akili, kwa sababu mwanamke alimuamini kabla hajashinda. Nikamtazama wangu kwa jicho la pembeni. Mimi nilimuamini akiwa hana hata baiskeli.

NYUMBA ZINAZOEGEMEANA

Tukaingia mitaa ya ndani. Msomaji wangu, hapa ndipo utakapoelewa kwa nini watu wanaupenda mji huu. Umezungukwa na ukuta wa ngome wenye urefu wa karibu kilomita 3, ulioanza kujengwa karne ya 13, na sehemu nyingine unaweza kupanda ukatembea juu yake. Ndani ya ukuta kuna nyumba za karne ya 15 na 16 ambazo watu bado wanaishi humo, wanauza mikate, wanapangisha vyumba.

Zimejengwaje? Usishangae: kwa mbao na udongo. Wanasimamisha fremu ya magogo, kisha nafasi za katikati wanajaza udongo uliochanganywa na majani makavu. Mimi niliyekulia nyumba ya fito na udongo nilicheka peke yangu. Tofauti ni kwamba hizi ni za ghorofa mbili au tatu, magogo ni ya mwaloni, na wenyewe hawajaacha kuzikarabati. Kwenye uwanja wa Place des Merciers ghorofa ya juu imejitokeza mbele na kusimama juu ya nguzo za mbao, chini yake pamebaki kivuli ambapo wafanyabiashara walipanga bidhaa zao. Ni baraza kabisa! Nyingine zimepinda kwa uzee, moja imeiegemea jirani yake. Ukiondoa moja, nyingine inaanguka.

Tukapanda mnara wa saa, Tour de l'Horloge, wa karne ya 15. Ngazi ni zaidi ya 150, za mwisho nyembamba kiasi kwamba mwenye nyonga zake anapita kwa heshima. Kuna kengele waliyopewa mwaka 1507 na Anne wa Bretagne, mwanamke pekee aliyekuwa malkia wa Ufaransa mara mbili, kwa wafalme wawili tofauti. Juu kule upepo ulikuwa mwingi. Tuliona mapaa ya vigae vyeusi, tukaona mto Rance chini kabisa, umelala kama mkanda wa kijani kati ya miti. Baba watoto akashika vyuma, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Kundi la watalii likaingia. Akaifunga tena.

Nikasema kimoyomoyo, endelea tu baba, siku bado ndefu.

MOYO NDANI YA KANISA

Karibu na hapo kuna kanisa la Saint-Sauveur. Ukiingia, tazama kulia kisha kushoto, utagundua pande mbili hazifanani. Ukuta wa kulia ni wa karne ya 12, mzito, mapambo yake ya kizamani kabisa. Upande wa kushoto ulijengwa miaka kama 300 baadaye kwa mtindo mwingine, madirisha marefu na vyumba vidogo vya ibada. Hakuna aliyebomoa upande mmoja ili ufanane na mwingine. Kanisa limesimama hivyo hivyo mpaka leo.

Upande wa kushoto kuna bamba la jiwe lenye maandishi ya Kifaransa cha zamani. Nikamwambia baba watoto anisomee. Akaanza vizuri tu, kwa sauti ya mwalimu. Nyuma ya jiwe hilo kuna moyo wa yule shujaa wa sokoni, Bertrand du Guesclin.

"Moyo wenyewe? Moyo wa nyama?" nikauliza.

"Moyo wenyewe, mke wangu."

Akanieleza kisa. Bertrand alifariki Julai 1380, mbali sana na Bretagne, kusini, akiwa ameuzingira mji wa Châteauneuf-de-Randon. Aliomba azikwe Dinan. Lakini ilikuwa kiangazi, safari ni ndefu, mwili ukaanza kuharibika njiani. Matumbo yakazikwa Le Puy. Nyama ikazikwa Montferrand. Mifupa Mfalme Charles wa Tano akaitaka, ikalazwa Saint-Denis pamoja na wafalme. Kilichofika Dinan ni moyo tu. Ulizikwa kwanza katika kanisa la watawa Wadominiko, inasemekana kando ya Tiphaine, na mwaka 1810 ukahamishiwa hapo Saint-Sauveur.

"Na huyo Tiphaine," nikauliza, "mume wake alipokuwa vitani, yeye alikuwa wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Alijengewa nyumba Mont-Saint-Michel, kwenye kisiwa. Mume alikwenda kupigana Hispania. Yeye akabaki pale anasoma nyota zake."

"Mpaka alipokufa?"

"Alikufa kabla ya mumewe. Hawakupata mtoto."

Tulisimama pale mbele ya lile jiwe. Watu walipita nyuma yetu kwa miguu ya taratibu. Nilimwangalia mume wangu usoni, naye akaangalia chini, kwenye mfuko wa viatu vyangu.

CHAPATI YA MAJI NA BAKULI

Njaa haina huzuni. Tukaingia kwenye mgahawa mdogo, tukaagiza galette, chakula cha Bretagne. Ni kama chapati ya maji, ila unga wake ni wa nafaka nyeusi inayoitwa sarrasin, na inakunjwa pembe nne kama bahasha. Ndani wanaweka yai, jibini na nyama ya nguruwe. Kama huli nguruwe sema mapema, watakuwekea uyoga au samaki bila kununa. Juu yake tukanywa sida, pombe nyepesi ya matufaha, wanayoinywa kwenye bakuli za udongo. Bibi yangu wa Kibosho angekubali mara moja, kwake mbege haikuwahi kunywewa kwenye glasi.

Tulikula karibu saa mbili nzima. Pale hakuna anayekuletea bili kabla hujaiomba. Tukaongea kuhusu mtoto wa pili anayekataa kusoma, kuhusu paa la jikoni linalovuja, kuhusu jirani aliyeoa tena. Yaani mambo madogo madogo ambayo kwenye simu tulikuwa tunayaona hayana umuhimu. Kumbe hayo ndiyo yanayofungua mlango. Mtu hawezi kukwambia jambo zito kama hata jepesi hamjaongea kwa miezi sita.

MTEREMKO WA JERZUAL

Baada ya chakula tukateremka mtoni kwa mtaa maarufu kuliko yote Dinan, Rue du Jerzual. Mji uko juu mita zipatazo 75 kutoka mto, na mtaa huu ndio uliokuwa koo la mji. Mzigo wote uliofika bandarini ulipandishwa hapo, na vitambaa vya kitani vilivyofumwa Dinan viliteremshwa hapo kwenda kupakiwa kwenye mashua za Saint-Malo. Wafumaji na watengeneza ngozi walikaa huku na huku. Leo kuna mafundi wa vioo, wachongaji na wachoraji, milango wazi, unasimama unatazama mtu anafanya kazi yake. Katikati unapita chini ya lango la ngome, na kuanzia hapo mtaa unabadilika jina kuwa Rue du Petit-Fort, lakini mteremko hauna habari na majina, ni ule ule.

Chini ni bandari tulivu yenye daraja dogo la mawe la kale. Mashua zimefungwa, bata wanapita. Kwa nini pametulia hivyo? Kwa sababu mwaka 1852 lilifunguliwa daraja kubwa la mawe linalopita juu kabisa, urefu wake mita 250, kimo mita 40. Tangu hapo msafiri anavuka bonde kutoka juu mpaka juu, hana haja ya kushuka mtoni wala kupanda Jerzual. Safari ikawa fupi. Ila huku chini pakapoa.

Nikafikiria simu zetu. Tumepata njia fupi ya juu kwa juu, "ada imelipwa?", "imelipwa", na huku chini, mahali tulipokuwa tunapakua mizigo, pamekuwa kimya.

Tukafuata njia ya kando ya mto, ambayo zamani farasi na watu walipita wakivuta mashua kwa kamba. Inakwenda mpaka kijiji cha Léhon chenye abasia ya kale, mwendo wa nusu saa kwa mtembea taratibu. Hatukufika. Chini ya lile daraja kubwa kulikuwa na benchi. Baba watoto akakaa, akaweka mfuko wa viatu miguuni.

"Mama watoto, kuna jambo."

"Najua," nikasema. "Miaka mitatu."

Kimya. Gari likapita juu yetu, tukalisikia kwa mbali.

"Umeiona barua."

"Nimeiona Jumanne. Nilikuwa nasubiri uniambie. Umeshajibu?"

"Bado. Kila siku nasema leo nitakwambia. Naogopa utasema nenda, kumbe moyoni hutaki. Na naogopa utasema usiende, halafu nije nikulaumu uzeeni."

Wapenzi wasomaji, hapo nilikuwa na hotuba yangu nimeiandaa siku mbili. Ilikuwa kali, ina vifungu. Yote ikayeyuka. Nikajikuta nasema maneno ambayo sikuyapanga.

"Baba, yule shujaa alimpenda mke wake, nakubali. Angekuwa hampendi asingetaka kurudi pale. Lakini alichomletea ni moyo tu, tena mwenyewe keshakufa. Mimi sitaki niletewe moyo. Nakutaka wewe mzima, na miguu yako, na kelele zako asubuhi. Kama kuna njia ya kusoma na bado nikakupata wewe mzima, tuitafute wote wawili. Kama haipo, niambie leo, hapa hapa, nilie nimalize."

Akalia yeye. Sijawahi kumuona akilia tangu msiba wa baba yake.

Tulikaa pale mpaka jua likashuka nyuma ya kilima. Nilimkumbusha fungate letu Bagamoyo, siku tatu tu, na yule mzee aliyetuambia kuwa jina la mji linatokana na "bwaga moyo". Tulicheka siku ile, tukaahidiana kuwa mioyo tutaibwaga nyumbani, popote nyumbani patakapokuwa. Ahadi za fungate hazina muhuri, lakini na zenyewe ni ahadi.

TULIPOFIKIA

Sitakudanganya kuwa kila kitu kiliisha kwenye benchi. Kilichoisha ni kule kufichana. Tuliporudi Rennes aliandika kwa msimamizi wake, mimi nimekaa pembeni, akauliza kama utafiti wake unaweza kufanyika nyumbani kwa sehemu kubwa. Ilichukua siku tisa za tumbo joto. Jibu likaja kuwa inawezekana: kila mwaka miezi mitano atakuwa Rufiji akikusanya takwimu, na miezi saba Ufaransa. Miezi saba ni mingi. Watoto wanalalamika, mimi nalalamika. Lakini ni mpango wa wawili, si barua iliyojificha kwenye begi. Na Jumapili tuna saa moja ya simu ambayo ni marufuku kuzungumzia ada.

Kupanda Jerzual jioni ile kulinitoa jasho. Ni mkali kweli kweli, magoti yanauma. Baba watoto alinipa mkono tangu bandarini mpaka juu langoni, hakuuachia, na mimi sikuuomba.

Sasa wewe unayesoma, sikuambii uende Ufaransa. Mto upo Pangani, upo Rufiji, upo hata nyuma ya nyumba yenu. Ninachokwambia ni hiki: tafuteni siku moja isiyo na ratiba. Mtembee kwa miguu. Mle taratibu. Anzeni na mambo madogo. Na kama umeona barua, usiifanye silaha, mpe mwenzako nafasi ya kuisema. Ila usimpe milele. Mpe siku moja.

UKIPATA NAFASI YA KWENDA

Kutoka Paris panda treni ya kasi kituo cha Montparnasse mpaka Rennes, kama saa moja na nusu, kisha treni ndogo mpaka Dinan kwa kubadilisha Dol-de-Bretagne. Kutoka stesheni mji wa kale unaufikia kwa miguu. Nenda Alhamisi ukute soko. Vaa raba tangu nyumbani. Teremkeni Jerzual mkiwa mmeshiba, na mkumbuke kubakiza nguvu za kupanda. Bustani iliyo nyuma ya kanisa la Saint-Sauveur haina kiingilio, na kutoka hapo utaliona bonde lote la mto na daraja. Kwa visa, anza mapema, tena mapema sana.

Mwezi ujao narudi kwenye barua zenu. Kuna dada mmoja ameniuliza kama ni sawa mume kumpa mama mkwe funguo za nyumba. Nina majibu, tena nina mengi. Mpaka hapo, mpende akupendaye, na mwambie akiwa bado anasikia.